Kabati Lililopimwa kwa Sahani



Nimeombwa nizungumzie samani za zamani za nchi za Skandinavia, zile ambazo wakusanyaji wa leo wanazitafuta kwa bei kubwa. Somo hilo ni pana, nami nimelipunguza kwa makusudi. Sitazungumzia viti, ingawa viti ndivyo vilivyoipa Denmark jina. Nitazungumzia kabati: lile kabati refu la chini, la mbao za msaji, lililotengenezwa Denmark katika miaka ya 1950 na 1960 kwa ajili ya vyombo vya mezani. Hoja yangu ni moja. Watu wanalipenda kabati hili kwa sura yake ya nje, na mnadani wanalinunua kwa jina la aliyelichora. Mimi nasema uzuri wake ulianzia ndani, kwenye sahani na vikombe, na sura ya nje ikafuata baadaye.

Kwanza tulitazame. Urefu wake ukutani ni mita mbili au kupita kidogo, na kimo chake ni sentimita 80 hivi, hakifiki kiuno cha mtu mzima. Kina, yaani kutoka mbele hadi ukutani, mara nyingi ni sentimita 45 hadi 50. Limesimama juu ya miguu myembamba inayozidi kupungua kuelekea chini, hivyo sakafu inaonekana chini yake na chumba hakielemewi. Halina nakshi wala shaba. Mara nyingi halina hata kishikio kilichopigiliwa: ukingo wa mlango wenyewe umechongwa ukawa mdomo mwembamba ambao vidole vinauingia. Upande mmoja zipo droo nne au tano, upande mwingine ipo milango ya kuteleza, na nyuma ya milango zipo rafu za kupandisha na kushusha. Ukirudi nyuma hatua chache utaona nyuzi za mbao zinakwenda kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kukatika, kwa sababu vinia, yaani maganda membamba ya mbao, zilizobandikwa pale zilikatwa kwa mfululizo kutoka gogo moja, zikapangwa kwa zamu ile ile.

Vipimo hivyo havikutoka hewani. Vina historia, na historia hiyo ina mwalimu wake.

Kaare Klint alizaliwa mwaka 1888. Baba yake, P. V. Jensen-Klint, ndiye msanifu wa Kanisa la Grundtvig jijini Copenhagen, na baba alipofariki mwaka 1930 mwana ndiye aliyesimamia kazi hiyo mpaka ikakamilika mwaka 1940. Lakini kwa mafundi wa mbao, Klint ni mwalimu aliyeanzisha masomo ya samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark mwaka 1924. Miaka hiyo hiyo alikuwa mmoja wa wasanifu waliogeuza hospitali kongwe ya Frederik kuwa makumbusho ya sanaa za mikono na usanifu, ambayo leo inaitwa Designmuseum Danmark. Wanafunzi wake walikuwa wakienda huko na penseli na futi. Hakuwaambia wabuni kitu kipya. Aliwaambia wapime kiti cha Kiingereza cha karne ya 18, kabati la Kichina, meza ya mafundi wasiojulikana majina, wachore kila kiungo, kisha wajiulize kila kipimo kipo kwa sababu gani. Wakati wenzake wengi wa Ulaya walikuwa wanataka kuyatupa ya kale yote, Klint aliyachukua kuwa hazina ya majibu.

Kutoka hapo alichukua hatua ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote: alipima pia vitu vitakavyokaa ndani. Aliposanifu kabati la vyombo, ambalo karakana ya Rud. Rasmussen ililitengeneza kwa mahogani karibu mwaka 1930, alianza na vile ambavyo familia ya Denmark ilivitoa kabatini siku ya kukaribisha wageni: sahani, glasi, visu na uma, vitambaa vya meza. Akapima kila kimoja, akakihesabu, akatafuta nafasi ndogo kabisa inayoweza kukibeba bila kukibana. Kuta za kabati alizichora mwisho.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi na fundi yeyote anaweza kuifanya. Chukua sahani yenye upana wa sentimita 24. Rafu yenye kina cha sentimita 40 itabeba safu moja ya sahani hizo, na nyuma yake zitabaki sentimita 16 ambazo hazitoshi safu ya pili. Humo vitajificha vitu vidogo visivyokumbukwa na mtu. Ongeza kina kifike sentimita 49 kwa ndani, na rafu ile ile inabeba safu mbili. Sentimita tisa tu zimeongeza uwezo wa kabati mara mbili. Sasa njoo kwenye droo ya vijiko. Kijiko kilicholala hakihitaji kimo kikubwa. Droo yenye kimo cha sentimita 20 kwa ajili ya vijiko ni droo ya fujo, maana vitarundikana na kila siku utavichakura. Ndiyo sababu katika makabati mazuri ya Denmark droo ya juu ni fupi kwa kimo, imetandikwa kitambaa laini na imegawanywa vyumba vyumba, na kadiri unavyoshuka droo zinaongezeka kimo, mpaka ile ya mwisho inayopokea vitambaa vya meza vilivyokunjwa. Mpangilio ule wa droo tunaousifu kwa macho ulitokana na kijiko, leso na kitambaa cha meza.

Mwanafunzi wa Klint aliyeipeleka njia hii mbali kuliko wote ni Børge Mogensen, aliyeishi kati ya 1914 na 1972. Mwaka 1942, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, alikabidhiwa ofisi ya usanifu wa samani ya FDB, muungano wa vyama vya ushirika vya walaji nchini Denmark. Kazi yake ilikuwa kutengeneza samani imara ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuzinunua, na aliifanya mpaka mwaka 1950. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu bei za leo zinalificha. Samani ambazo sasa zinakaa katika nyumba za matajiri zina mizizi katika ushirika, katika jitihada za makusudi za kuwapa wafanyakazi na wakulima vitu vizuri.

Baada ya vita familia nyingi za mijini ziliishi katika nyumba ndogo za ghorofa. Chumba kimoja kilikuwa sebule, mahali pa kulia chakula na pengine pa kulala. Kabati kubwa la enzi za mababu, lenye kimo cha mlango na nakshi za mabua ya zabibu, halikuwa na mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mogensen alishirikiana na msanifu Grethe Meyer kutengeneza mfumo wa makabati ya ukutani walioupa jina Boligens Byggeskabe. Kabla ya kuchora, walihesabu nyumba nzima. Familia ya kawaida ina mashati mangapi, na shati likikunjwa lina upana gani? Shuka ngapi, vikombe vingapi, uma ngapi? Kutoka katika majibu hayo zilipatikana saizi chache za rafu na droo ambazo zingeweza kupangwa kwa namna nyingi kulingana na nyumba na mfuko wa mwenye nyumba. Meyer hatajwi vya kutosha katika habari hizi. Baadaye alijulikana zaidi kwa vyombo vya udongo na glasi, yaani aliyepima nafasi ya vikombe ndiye aliyekuja kusanifu vikombe vyenyewe, na hilo halikunishangaza hata kidogo nilipolisoma.

Mawazo bila mikono hayatoshi. Mikono ilikuwa ya maseremala wa Copenhagen, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1554. Katika miaka ya 1920 viwanda vilikuwa vinawanyang'anya kazi, nao waliamua kufanya maonyesho ya kila mwaka kuanzia 1927. Kuanzia 1933 kukawa na mashindano yaliyowaunganisha wasanifu na mafundi. Msanifu alileta mchoro, fundi aliukubali au aliukataa kwa sababu za mbao, na wawili hao wakabishana mpaka kitu kikapatikana. Msanifu Finn Juhl alikuwa na fundi Niels Vodder, Hans Wegner alikuwa na fundi Johannes Hansen. Wegner mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi viatu wa mji wa Tønder, na alikuwa seremala kabla ya kuwa msanifu. Maonyesho hayo yaliendelea, hata wakati wa vita, hadi mwaka 1966. Miaka 40 ya fundi na msanifu kukaa meza moja: nisingesita kusema kwamba hicho ndicho chuo kikuu cha kweli cha samani za Denmark.

Sasa mbao. Klint alipenda mahogani ya Kuba, na Mogensen aliipenda mialoni ya kwao. Lakini kabati ninalolizungumzia ni la msaji, mti usioota Denmark. Ulifikaje huko? Denmark ni nchi ya mabaharia, na Kampuni ya Asia ya Mashariki, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1897, ilikuwa na biashara kubwa ya misitu ya msaji huko Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Baada ya Vita Kuu ya Pili mbao hizo zilipatikana tena, na mafundi wakazikimbilia. Walikuwa na sababu. Msaji una mafuta yake ya asili, hausumbuliwi sana na wadudu wala maji, na zaidi ya yote hautanuki wala hausinyai sana hali ya hewa inapobadilika. Watu wa mwambao wetu wanaujua ubao huu tangu enzi za majahazi, na hapa Tanzania unapandwa na kuvunwa, Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro. Huko Denmark utulivu huo wa msaji ulikuwa na kazi: katika nyumba za Ulaya zenye mitambo ya kupasha joto, hewa ya majira ya baridi hukauka sana, na ubao usiotulia hupasuka.

Hata hivyo, si kabati lote lililokuwa msaji mtupu, na hapa wanunuzi wengi hudhani wamedanganywa. Sehemu kubwa ya juu, pande na milango ni vinia, yaani ganda jembamba la msaji, pungufu ya milimita moja, lililobandikwa juu ya ubao wa tabaka au blokbodi. Kingo, miguu na vishikio ndivyo vilivyokuwa msaji halisi. Hii haikuwa hila. Ubao mzima wenye upana wa nusu mita hujikunja na kuvuta viungo vyake. Vinia juu ya msingi uliotulia hubaki imenyooka miaka 60. Gogo moja zuri nalo huzaa vinia za makabati mengi. Mimi naiona vinia nzuri kuwa namna ya kuheshimu mti.

Ukitaka kumjua fundi, vuta droo uitoe nje kabisa. Tazama pembe inapokutana mbele na ubavu. Katika kabati zuri utaona meno yaliyokatwa mfano wa mkia wa njiwa, yakaingiliana hivi kwamba uso wa droo hauwezi kuchomoka hata gundi ikifa. Mbavu za droo mara nyingi ni mwaloni au mti mwingine mgumu, wala hazikuachwa na makovu ya msumeno kwa kuwa hazionekani. Irudishe. Ikienda mwisho kwa kusukumwa na kidole kimoja, bila reli za chuma, mbao zikiteleza juu ya mbao, umemjua fundi.

Kisha ipo milango ya kuviringika, ambayo kwangu ndiyo kazi ya juu kabisa. Vipande vyembamba vya ubao, kimoja baada ya kingine, vimegundishwa juu ya turubai, na mlango mzima unateleza ndani ya mfereji, unapinda kwenye kona na kupotea nyuma ya kabati. Katika chumba kidogo haudai nafasi ya kufungukia mbele. Mfereji ukichongwa kwa pupa, mlango utakwama mwaka wa pili. Ukichongwa sawasawa, wajukuu wataufungua. Tena pitia nyuma ya kabati. Katika baadhi utakuta mgongo nao umefunikwa vinia na kusuguliwa kama mbele, ili kabati liweze kusimama katikati ya chumba na kukigawa.

Umaarufu ulikuja kupitia Marekani. Kati ya 1954 na 1957 maonyesho ya usanifu wa Skandinavia yalizunguka miji ya Marekani na Kanada. Mwezi Septemba 1960, katika mdahalo wa televisheni uliowakutanisha wagombea urais Kennedy na Nixon, mamilioni waliona kiti cha Wegner. Viwanda vya Denmark vilijaa maagizo, na wasanifu kama Arne Vodder, aliyesoma kwa Finn Juhl kisha akafanya kazi na kiwanda cha Sibast, walichora makabati ya msaji yaliyovuka bahari kwa wingi. Mengine yalikuwa mazuri kabisa. Mengine yalikuwa na sura tu, na mwaka 1959 watengenezaji wenyewe waliona haja ya kuanzisha chombo cha kudhibiti ubora, ambacho alama yake bado inaonekana ndani ya droo au mgongoni mwa makabati mengi ya wakati huo. Mnunuzi aitafute alama hiyo, lakini asiifanye shahidi pekee. Kibandiko kinaweza kubanduliwa na kuhamishwa. Meno ya droo hayahamishiki.

Jambo la rozwudi lazima niliseme, kwa sababu linagusa sheria na linatugusa sisi. Makabati mengine ya enzi hiyo hayakuwa ya msaji bali ya rozwudi ya Brazili, ubao wa kahawia wenye michirizi myeusi, na hayo ndiyo ghali zaidi leo. Mti huo ulikatwa mno. Mwaka 1992 uliwekwa katika orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku isipokuwa kwa vibali maalumu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kitu kilichotengenezwa na kumilikiwa kabla ya mwezi Machi 1947 kina msamaha; kabati la mwaka 1960 halimo katika msamaha huo, na mwenye kuliuza anahitaji cheti. Anayenunua kabati la rozwudi bila karatasi anaweza kulipoteza bandarini, nami sioni kuwa ameonewa. Ndugu zangu, rozwudi ya Brazili ni jamaa wa mpingo wetu. Ni miti ya ukoo mmoja, Dalbergia. Tangu Januari 2017 ukoo mzima umo katika orodha za CITES, na mpingo umo. Wale mafundi wa Copenhagen walikuwa waangalifu katika kila sentimita ya sahani, lakini hawakuuliza misitu ya Bahia huko Brazili ilibakiwa na miti mingapi. Hilo ni doa katika kazi yao, na mapenzi yangu kwao hayanizuii kulitaja.

Neno kwa wenye makabati haya na kwa mafundi wanaoletewa wayatengeneze. Adui yao mkubwa ni msasa. Vinia ya chini ya milimita moja haivumilii mashine ya kusugua. Dakika moja ya mkono mzito, na ubao wa chini unachungulia, na hakuna dawa. Doa jeupe la kikombe mara nyingi lipo juu juu na hutoka kwa mafuta na kitambaa, kwa subira. Msipake vanishi nene inayong'aa, maana makabati mengi ya msaji yalipakwa mafuta tu. Rozwudi hupauka ikipigwa na jua, basi isikae dirishani. Na droo ikikwama, pakeni nta kwenye njia zake kabla ya kushika randa.

Siku hizi naona maduka ya Dar es Salaam na Nairobi yanauza makabati yenye miguu myembamba na vishikio vya kuchongwa, yakiiga picha za Denmark. Sina ugomvi na sura hiyo. Lakini vipimo vyake ni vya sahani za wengine. Sinia la pilau halikuwa katika hesabu za Mogensen. Hotipoti haikuwemo, wala chupa ya chai ya lita tatu, wala sufuria za shughuli zinazotoka mara mbili kwa mwaka, wala zile glasi dazeni mbili za wageni. Kabati la kina cha sentimita 45 halifungi mlango sinia kubwa likiwa limelala ndani. Litasimamishwa ubavuni, litaanguka, na mama mwenye nyumba ataishia kuliweka juu ya kabati, likusanye vumbi.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Ninyi wanafunzi wa useremala, kabla ya kuiga mchoro wowote wa Denmark, nendeni katika nyumba kumi za mtaa wenu na futi na daftari. Pimeni masinia, hotipoti, chupa za chai, kanga na shuka zilizokunjwa, na mhesabu ni vingapi. Nanyi mnaoagiza samani, siku mtakapomwita fundi msimwonyeshe picha ya simu kwanza. Toeni vyombo vyote, vipangeni mezani, mwambieni avipime vyote, ndipo mkubaliane bei.